Mti wa Mpingo: Sifa Zake na Kazi Zake

Watu wengi wakaao katika nchi za miombo, tangu Kilwa na Liwale mpaka Tunduru, wanaujua mpingo kwa kuuona. Walakini ukiwauliza kwa nini mtu wa Ulaya hulipa fedha nyingi kwa kipande chake kisichozidi urefu wa mkono, wengi hujibu ya kuwa ni kwa sababu ya weusi wake. Jibu hilo halitoshi. Iko miti mingine myeusi, na tena rangi nyeusi hupatikana dukani kwa bei ndogo. Mpingo una sifa nyingine zisizoonekana kwa macho, na hizo ndizo zinunuliwazo. Twataka kuzieleza hapa, kisha tuonyeshe jinsi zipoteavyo kati ya kisiki na barabara, maana hasara kubwa ya mti huu haitokei Ulaya, hutokea kwetu porini.

Kwanza mti wenyewe. Mpingo si mti wa fahari. Mara nyingi urefu wake hauzidi meta 10, na wachache tu hufika 15. Shina lake huwa limepinda, tena lina mifuo kama kamba zilizosokotwa, na pengine mashina kadhaa hutoka katika kisiki kimoja. Gome lake ni la kijivu, matawi yake yana miiba, na majani yake hupukutika wakati wa kiangazi. Maua yake ni madogo, meupe, yenye harufu nzuri. Matunda yake ni maganda membamba yaliyo bapa kama karatasi, maana mpingo ni wa jamii moja na kunde na maharagwe, na kama ndugu zake hao, mizizi yake huirutubisha ardhi. Huonekana katika nchi kavu za Afrika tangu Senegal mpaka Ethiopia, na kusini mpaka Afrika Kusini. Lakini mpingo uuzwao ng'ambo hutoka hasa Tanzania na Msumbiji.

Ukiukata utaona sehemu mbili zilizo mbalimbali kabisa. Karibu na gome ni sehemu nyembamba, nyeupe yenye manjano kidogo, nayo huliwa na wadudu upesi kama mti mwingine wo wote. Ndani yake ni moyo wa mti, wa rangi ya zambarau iliyoiva mpaka kuwa nyeusi. Mchwa hauli moyo huo. Nguzo ya mpingo huweza kukaa ardhini miaka mingi bila kuoza. Nyuzi zake ni nyembamba mno, zimebanana hata jicho haliwezi kuona vitundu vyake kwa urahisi, na katikati yake mna mafuta ya asili. Ukiupiga msasa na kuufuta kwa kitambaa hung'aa wenyewe bila kupakwa kitu.

Uzito wake ndio uwashangazao wageni. Kipande cha mpingo mkavu hakielei majini. Huzama kama jiwe. Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi hesabu hii. Tuseme gogo lina urefu wa meta 2, na upana wa sentimeta 30 kutoka upande hata upande. Nusu ya upana ni 15. Zidisha 15 kwa 15, kisha kwa 3.14, kisha kwa urefu wa sentimeta 200. Utapata sentimeta za ujazo 141,300. Maji ya kiasi hicho yana uzito wa kilo 141, lakini mpingo wa kiasi hicho una uzito wa kilo 170 hivi. Gogo fupi kama hilo hulemea watu wawili wenye nguvu.

Sasa tuje kwenye sifa iliyo kubwa kuliko hizo zote. Kila mti uliokatwa, hata ukiwa mkavu namna gani, huendelea kunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Kila mwenye nyumba analijua jambo hili: mlango uliofungika vizuri wakati wa kiangazi hukwama wakati wa masika, kwa sababu mbao zake zimevimba, na kiangazi kikirudi huonekana nyufa. Mpingo uliokauka barabara huvimba na kusinyaa kidogo sana. Ukitobolewa tundu leo, tundu hilo litabaki na upana ule ule baada ya miaka mingi. Ukikazwa parafujo ndani yake, haulegei wala haupasuki upesi, bali huishika parafujo kana kwamba ni chuma. Na fundi akiukereza, yaani akiuzungusha kwa mashine huku patasi ikiugusa, hutoka laini kama pembe ya ndovu.

Mtu ataona mara moja ni kazi gani itakayo mti wa namna hiyo: ni kazi ya vyombo vya kupuliza. Watu wa pwani wanalijua zumari. Ulaya wanayo obo, iliyo ndugu yake zumari kwa namna ya ulimi wake, na wanayo klarineti, ambayo habari zake hutajwa tangu karibu mwaka 1700 katika mji wa Nürnberg, Ujerumani, alikokaa fundi Johann Christoph Denner. Vyombo hivyo ni bomba la mti lenye matundu mengi, na kila tundu sharti liwe mahali pake halisi, kwa upana wake halisi; likikosea kidogo tu sauti huharibika. Kisha mpigaji hupuliza ndani pumzi yenye joto na maji, na nje hewa ni baridi na kavu. Mti dhaifu hauvumilii jambo hilo, maana upande wa ndani huvimba na upande wa nje husinyaa, ukapasuka. Hata mpingo hupasuka pengine, na kwa hiyo wapigaji wenye busara hupiga chombo kipya muda mfupi tu kila siku mpaka kizoee.

Zamani klarineti zilifanywa kwa mti wa manjano wa Ulaya uitwao boksi. Katika karne ya 19 mafundi walianza kuongeza vifunguo vingi vya chuma juu ya bomba, navyo vilihitaji mti ushikao parafujo bila kuyumba. Ndipo mpingo ulipochukua nafasi ya boksi. Waskoti nao, ambao chombo chao cha fahari ni mfuko wa ngozi wenye mabomba, walitumia kwanza miti mingine, hasa mti mmoja wa visiwa vya Karibi uitwao kokasi. Mti huo ulikatwa mno hata ukawa haba, na wafanya mabomba wakaugeukia mpingo wa Afrika. Habari hii ya kokasi twaitaja kwa makusudi. Wanunuzi hawakukaa kuulilia. Walitafuta nchi nyingine. Waliobaki bila mti na bila fedha ni watu wa visiwa vile.

Lakini isidhaniwe ya kuwa mpingo ulianza kuthaminiwa na watu wa klarineti. Wamisri wa kale walinunua mti mweusi kutoka nchi za kusini yao, wakauita kwa jina ambalo Wayunani walilipokea, na Waarabu nao wakalipata, mpaka likatufikia sisi kama abunusi. Wataalamu waliopima vitu vya Wamisri hao wameona ya kuwa abunusi ile ya kwanza ilikuwa mpingo. Siku hizi jina hilo hutumika kwa miti myeusi ya aina nyingine pia, na wafanya biashara wa ng'ambo huuita mpingo grenadila. Kwa hiyo mtu asomaye barua za biashara asipotee kwa wingi wa majina.

Kwetu kazi zake ni nyingi: michi ya vinu, bakora, vitana, mipini ya visu, na dawa za mizizi kwa wenye ujuzi nazo. Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma wameupatia sifa duniani kote kwa vinyago vyao. Mchongaji hodari huiacha pengine sehemu nyeupe ya nje ionekane kando ya weusi, ili kila mtu aone ya kuwa kazi yake haikupakwa rangi. Ni vema kufanya hivyo, kwa kuwa katika masoko ya wageni wako wauzaji wapakao kinyago cha mti mwepesi rangi ya viatu, wakakiita mpingo. Mnunuzi na akipime mkononi, kisha akwaruze kidogo chini kwa ncha ya kisu. Wachongaji nao twawaonya juu ya vumbi la mti huu: huwasha ngozi ya watu wengine na kuziba kifua, basi yafaa kufunga kitambaa puani na kufanya kazi mahali penye upepo.

Kuna na kazi nyingine ambayo hatuipendi. Mpingo huwaka kwa moto mkali sana, na makaa yake hudumu. Kwa hiyo wako wauchomao mkaa. Mti wa kufaa kukatwa kwa magogo huchukua miaka 70 mpaka 100 kukua. Mtoto aliyezaliwa siku mche ulipochipuka atakuwa mzee mwenye mkongojo kabla mti haujawa tayari. Kuupikia ugali mti wa namna hiyo, hali iko miti mingine ikuayo kwa miaka michache, kwa kweli ni kama kutia ng'ombe wa maziwa chunguni.

Sasa tutaeleza upotevu ambao watu wengi hawauoni, maana hutokea baada ya mti kukatwa. Katika gogo zima, sehemu itakayofaa kwa klarineti huwa chini ya moja katika kumi. Turudi kwenye hesabu yetu: katika sentimeta 141,300, zitakazofaa hazifiki 14,200. Tukifanya vipande vyenye upana wa sentimeta 4 kwa 4, na urefu wa 30, kila kimoja kina sentimeta 480, basi hatupati vipande 30 katika gogo zima. Nyingine zote ni maganda, sehemu nyeupe, mapindo, mashimo, na nyufa. Mapindo ni tabia ya mti, hatuwezi kuyazuia. Lakini nyufa nyingi ni kazi ya jua na uvivu wetu.

Nyufa hutokea hivi. Mti ni kama mzigo wa matete membamba yaliyofungwa pamoja, na maji hupita ndani yake kwa urefu. Gogo likikatwa, maji hutoka upesi sana mahali pa kukatia, yaani miisho yote miwili, na hutoka polepole ubavuni. Miisho hukauka na kutaka kusinyaa, na katikati bado pana maji, hapakubali. Ndipo mti hupasuka kutoka moyoni kwenda nje, kama nyota. Tena mti husinyaa zaidi kwa kuzunguka kuliko kwa kwenda moyoni, na hilo huzidisha ufa. Gogo lililolala juani kando ya njia majuma machache likingoja gari laweza kupasuka sana kila mwisho, na ufa huingia ndani kuliko uonekanavyo.

Dawa yake si ngumu. Mti usikatwe kabla mnunuzi na gari havijajulikana. Mara ukiisha kukatwa, magogo yaondolewe juani yawekwe kivulini juu ya magogo mengine, yasiguse ardhi, na miisho yake ipakwe kitu cha kuzuia maji yasitoke: nta iliyoyeyushwa, au rangi nzito ya mafuta. Wenye viwanda vya kupasua mpingo hufanya vivyo hivyo. Hupasua magogo mapema kuwa vipande vidogo, huchovya miisho katika nta ya moto, kisha huvipanga ghalani vikauke polepole. Vipande hivyo hukaa miaka miwili, mitatu, na pengine zaidi, kabla fundi hajavigusa. Mchongaji wa kijijini asiye na ghala na afuate desturi ile ile kwa kiasi chake: apake miisho, afunike kwa magunia, aweke mahali pasipo upepo mkali, na asiwe na haraka. Msumeno na uwe wa chuma kizuri, maana mpingo huondoa makali ya vyombo upesi.

Jambo la pili ni moto. Mpingo mzima huvumilia moto wa nyasi kuliko miti mingi, na kwa hiyo watu hudhani haudhuriki. Hudhurika. Moto mkali wa mwisho wa kiangazi, wakati nyasi zimekauka kabisa, huunguza gome karibu na ardhi na kufanya kidonda. Mwaka wa pili huchoma pale pale. Kisha uozo huingia kwa kidonda hicho na kupanda moyoni. Nje mti huonekana mzima. Ukikatwa, ndani ni shimo. Machipukizi nayo huungua kila mwaka, hurudi kuchipuka, huungua tena, hata mti wa miaka mingi usizidi kimo cha mbuzi. Katika misitu itunzwayo vizuri watu huchoma nyasi mapema, mara baada ya mvua kwisha, wakati bado zina unyevu na moto ni mdogo, ili moto mkubwa ukija baadaye usikute cha kula.

Wakuu wa vijiji watauliza: tukiutunza, fedha itakuwa ya nani? Katika Tanzania swali hili lilipata jibu kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kwa sheria hiyo kijiji chaweza kutenga sehemu ya ardhi yake iwe msitu wa hifadhi wa kijiji, kwa kibali cha mkutano wa wanakijiji na kwa mpango wa matumizi uliopitishwa. Na kijiji kilichofanya hivyo chaweza kuuza miti yake chenyewe na kupata faida yake. Huko Wilaya ya Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilikwenda mbele zaidi. Mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha baraza la mataifa liitwalo FSC, ambacho humhakikishia mnunuzi ya kuwa mti umetoka katika msitu unaotunzwa kwa haki. Nacho kilikuwa cha kwanza katika Afrika kwa msitu wa asili ulio mikononi mwa wanavijiji wenyewe. Kazi yake ni hii: wanakijiji huhesabu miti, hupima unene wa kila mmoja, huandika daftarini ni mingapi ikatwe mwaka huo, na nyundo ya alama hugongwa juu ya kila gogo. Asiyejua kuhesabu miti yake hawezi kubishana na mnunuzi aliyekwisha kuihesabu.

Sheria za mataifa nazo zimekaza. Tangu tarehe 2 Januari 2017, kwa mapatano yaitwayo CITES, mpingo pamoja na jamii yake yote uliwekwa chini ya ulinzi, hata usiweze kuvuka mipaka ya nchi bila hati. Wapigaji wa klarineti walipata taabu kubwa wakisafiri na vyombo vyao, na kwa hiyo mwaka 2019, katika mkutano wa Geneva, vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa viliachiliwa. Magogo na mbao havikuachiliwa. Mtu amwambiaye mwanakijiji ya kuwa hati hazihitajiki tena, ama hajui, ama anajua sana.

Juu ya kupanda, wako waliokwisha kuanza. Mwaka 1996 Sebastian Chuwa wa Moshi, pamoja na James Harris, mkereza miti wa Texas katika Marekani, walianzisha chama cha kuuhifadhi mpingo, na Chuwa aliendelea kuwafundisha wanafunzi na wakulima wa Kilimanjaro kuotesha miche mpaka alipofariki mwaka 2014. Kazi yenyewe yaweza kufanywa na shule yo yote. Maganda huchumwa yakiisha kuwa ya rangi ya kahawia, kabla hayajapeperushwa na upepo. Mbegu hazihitaji kuchemshwa wala kukwaruzwa. Zikipandwa mbichi katika udongo mwepesi na kunyweshwa maji kila siku, huanza kuota kwa majuma mawili au matatu. Miche hupenda jua, haistawi kivulini, na majani yake hupendwa sana na mbuzi, basi kitalu kizungushiwe miiba. Vilevile kisiki kilichokatwa vizuri, karibu na ardhi na kwa mshazari ili maji ya mvua yasitue juu yake, huchipuka chenyewe, na mizizi yake huinua machipukizi mengine kando. Chagua chipukizi moja au mawili yaliyonyoka, ondoa mengine, na weka alama ya kijiti chenye rangi, ili mkata kuni asije akalipita na panga.